Kompyuta moja, wenyewe wengi: nani apewe nafasi?

Ndugu msomaji, kuna magomvi ya nyumbani ambayo wazazi wetu hawakuyajua. Wao waligombania mpaka wa shamba, zamu ya kuchota maji na nani alale karibu na moto. Siku hizi, katika nyumba nyingi, ugomvi huanzia kwenye maneno mafupi yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta: diski imejaa. Ukiyasoma mara ya kwanza utadhani hilo ni jambo la kumwachia fundi. La hasha. Ni jambo la haki, sawasawa na kugawa nyama jikoni, na anayeligawa vibaya hukosanisha watu wa tumbo moja.

Nasema haya kwa sababu yamepita nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kimana. Kwa msomaji asiyekujua huko, Kimana ni mji mdogo katika Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, karibu na mbuga ya Amboseli. Siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro unauona ukiwa umesimama mlangoni pa duka. Nchi ya pale ni kavu, lakini mvua inayonyesha mlimani hupita chini kwa chini na kutokeza kama chemchemi. Kwa maji hayo watu hulima nyanya, vitunguu, mahindi na maharagwe kwa mifereji. Mkulima anayataka maji hayo, mfugaji anayataka, na ndovu wa Amboseli naye anayataka. Tafadhali liweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Miaka michache iliyopita, sisi ndugu watano tulichanga pesa tukamnunulia dada kompyuta iliyokwishatumika ng'ambo. Nia yetu ilikuwa moja tu: watoto wake wasome. Aliiweka katika chumba kilicho nyuma ya duka lake, na kama ijuavyo kila familia, chombo kikishaingia nyumbani hakibaki na kazi moja. Binti yake aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa KCSE aliitumia kwa masomo. Dada mwenyewe, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama, aliitumia kuweka hesabu za michango na mikopo. Shemeji akajaza nyimbo na mahubiri. Na kijana wao mkubwa, ambaye hupiga picha za video kwenye harusi na mazishi kuanzia Loitokitok hadi Emali, akaifanya kiwanda chake.

Kwa mwaka mzima hapakuwa na neno. Diski ilikuwa kubwa, na penye wingi hakuna anayehesabu.

ZILIPOKWISHA

Kabla ya kusimulia yaliyotokea, hebu tufahamiane juu ya vipimo. Diski inayouzwa kwa jina la GB 500 huonekana kwenye Windows kama GB 465 hivi, kwa kuwa mtengenezaji na mashine hawahesabu kwa namna moja. Ukiondoa Windows yenyewe na programu, ile ya dada ilibakiwa na GB 400 hivi za watu kutumia.

Sasa angalia ulaji. Hesabu za chama cha akina mama kumi na wanne, za miaka miwili, hazikufika MB 2. Kazi zote za binti hazikufika GB 2. Nyimbo na mahubiri ya shemeji zilikuwa GB 19. Lakini video ya simu ya kiwango cha HD hula takriban MB 130 kwa dakika moja, yaani karibu GB 8 kwa saa. Kamera ya mpiga video wa harusi hula zaidi ya hapo. Kijana wetu alikuwa amejaza zaidi ya GB 370.

Ilifika Jumamosi moja ambapo alikuwa na video ya harusi ya kumalizia, mwenye harusi amelipa nusu na anapiga simu kila baada ya saa moja. Mashine ikagoma. Kijana akaanza kutafuta cha kufuta. Kazi zake hakuzigusa, maana kila moja ilikuwa na mwenyewe anayeidai. Akaona folda moja ambayo haikuwa na jina la mtu, akaidhani ya kale, akaifuta, kisha akamwaga na pipa la taka ili nafasi ipatikane upesi. Folda hiyo ilikuwa na hesabu za chama.

Mpendwa msomaji, piga hesabu hiyo nami. Alifuta MB 2. Kwa video ya MB 130 kwa dakika, hiyo haifiki hata sekunde moja ya bibi harusi akicheka. Kumbukumbu za miaka miwili za akina mama kumi na wanne zilipotea, na nafasi iliyopatikana haikumtosha kijana kwa lolote.

Jioni ya siku iyo hiyo, binti aliyekuwa arudi shuleni kesho yake alijaribu kuhifadhi kazi ya mradi wake wa somo la Kompyuta. Ikakataa. Niliifikia nyumba hiyo saa mbili usiku nikamkuta amekaa mbele ya mashine, haizimi kwa hofu ya kupoteza kazi, na stima za Kimana zina tabia zake. Kwa bahati nilikuwa na flashi mfukoni, tukaiokoa kazi yake humo.

Hesabu za chama hazikuwa na flashi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dada alikuwa na daftari la mkono lililoishia Machi, na yaliyofuata yakatafutwa moja moja katika ujumbe wa M-Pesa wa akina mama wale. Karibu yote yalipatikana isipokuwa mkopo mmoja wa shilingi 6,000. Aliyekopa alisema amerudisha kwa pesa taslimu, na wenzake wawili hawakukumbuka kuziona. Dada alizilipa kutoka mfukoni mwake ili maneno yaishe. Hayakuisha. Hadi leo kuna mama mmoja ambaye wakikutana sokoni humsalimu dada huku akitazama pembeni. Ukimuuliza dada hasara ilikuwa nini, hatakutajia zile shilingi 6,000.

KILA MTU ANA HAKI YAKE

Jumapili ile tulikaa kikao. Naomba uwasikilize wote, maana hakuna aliyesema upuuzi.

Kijana alisema: "Mjomba, mimi ndiye ninayenunua tokeni za stima. Mashine hii ikiharibika, mimi ndiye ninayemlipa fundi. Anayeleta pesa akinyimwa nafasi, hizo pesa zitatoka wapi?"

Dada alijibu: "Mwanangu, hii kompyuta wajomba zako waliichangia kwa ajili ya masomo. Wewe umekuja juu yake kama mpangaji, sasa unataka kumtoa mwenye nyumba?"

Shemeji, ambaye ni mtu wa maneno machache, alipendekeza tugawe sawa kwa sawa, GB 100 kila mmoja, na mambo yaishe.

Binti hakusema kitu. Ukiona kikao cha namna hii, mtazame asiyesema.

Kwa hiyo tulikuwa na haki tatu mezani. Ya kwanza ni ya anayechangia zaidi. Ya pili ni ya kusudi ambalo chombo kilinunuliwa kwalo. Ya tatu ni ya usawa. Kila moja ukiisikia peke yake utaikubali. Tatizo ni kwamba haziwezi kutimizwa zote kwa pamoja. Ukigawa sawa kwa sawa, dada atapewa GB 100 za kuwekea MB 2, na nafasi hiyo italala bure huku kijana akikosa mkate. Ukimpa anayelipa, binti atasomea wapi? Ukishikilia kusudi la kwanza, stima itakatika, na kompyuta isiyo na stima haimfundishi mtu.

Aliyetufungua macho ni mzee, babake shemeji, ambaye hajawahi kuigusa kompyuta. Aliuliza kwanza, "Hiyo nafasi ni kama maji ya mfereji?" Nikamwambia ni mfano mzuri. Akatueleza jinsi maji yanavyogawiwa: kila mwenye shamba ana saa zake, na saa zikiisha hufunga kwake ili maji yaende kwa mwingine. Anayefungua usiku kwa wizi hutozwa faini. "Lakini kijana wangu," akaniambia, "jua kwamba aliye juu ya mfereji haoni kiu ya aliye chini. Si kwamba ni mbaya. Haoni tu."

Kisha akataja jambo la ufugaji. Wamaasai hutenga kipande cha malisho karibu na boma kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, wakakiita olopololi. Ng'ombe wazima hupelekwa mbali, na hata nyasi zikiwa haba hawaingizwi humo ovyo. Ndama anakula kidogo, lakini hawezi kwenda mbali kukitafuta hicho kidogo.

Nadhani hapo ndipo haki yenyewe ilipo. Mahitaji ya lazima kabisa mara nyingi ni madogo. Hesabu za chama, kazi ya shule, vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa picha, hati ya shamba: vyote hivyo pamoja havijazi hata kona ya diski. Basi vitengewe vyao kwanza, pasiguswe na yeyote, kisha wenye matumbo makubwa wagombanie kilichobaki. Ukitanguliza wadogo, wakubwa hawaumii. Ukitanguliza wakubwa, wadogo hufutwa.

FAILI SI MAJI

Hata hivyo, mfano wa mfereji una mahali unapoishia. Maji yakipita yamepita; kesho huja mengine. Faili haipiti. Ukiiweka leo, itakaa hapo mpaka mtu aiondoe kwa mkono wake. Kwa hiyo zamu za saa zinafaa kwa kiti cha mbele ya kompyuta, lakini hazifai kwa diski. Diski ni ghala, si mfereji, na ghala lisilo na siku ya kutoa hujaa hata kama kila mtu anaweka kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Ukidhani ni sisi wa kwanza kusumbuka, umekosea. Mapema miaka ya 1980 huko Australia, Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne alitengeneza mfumo wa mgao wa diski kwa kompyuta za Unix zilizotumiwa na watu wengi, nao ukaingizwa katika toleo la Unix la Berkeley la mwaka 1983. Mfumo huo una mipaka miwili kwa kila mtumiaji. Mpaka wa kwanza ni laini: ukiuvuka hufungiwi, unaonywa na kupewa nafasi ya kupunguza. Mpaka wa pili ni mgumu: hapo huongezi hata herufi moja. Napenda hekima iliyomo. Mtu huweza kuzidiwa siku moja kwa sababu ya haki kabisa, kama kijana wetu na harusi yake, kwa hiyo apewe siku chache za kupumua. Lakini siku zenyewe zihesabiwe.

Windows nayo, tangu toleo la mwaka 2000, ina sehemu ya kumpangia kila mtumiaji mgao wake. Waweza kuiagiza ionye tu, au izuie kabisa. Ila haiwezi kukusaidia kama nyumba nzima mnaingia kwa jina moja na neno la siri moja, kama ilivyokuwa kwa dada. Mashine itajuaje nani amekula nini?

Hata wenye maghala makubwa wamefika hapo. Google ilikuwa ikivipa vyuo nafasi isiyo na kikomo. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba kila taasisi itapata TB 100 za kugawana, na mpango huo ukaanza kwa taasisi zilizokuwapo mwaka 2022. Mwaka huo huo wa 2021, kuanzia Juni, picha mpya za Google Photos zikaanza kuhesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure pamoja na barua pepe. Penye watu wengi, neno "bila kikomo" huwa na mwisho wake.

Kuna na wasomi walioligombania jambo hili pasipo kompyuta. Mwaka 1968 Garrett Hardin, Mmarekani, aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja tena. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, na baadaye Kimana yenyewe ikawa moja kati ya ranchi hizo kabla ya ardhi yake kugawiwa wanachama. Mmarekani mwingine, Elinor Ostrom, alimjibu Hardin katika kitabu chake cha mwaka 1990. Alionyesha jamii nyingi zilizotunza misitu, mifereji na malisho ya pamoja kwa miaka mingi bila kuviharibu. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi. Alichokiona ni kile alichotuambia mzee: wanaotumia washiriki kutunga kanuni, matumizi yaonekane na wote, na adhabu ianze ndogo na kupanda polepole.

TULIVYOKUBALIANA

Mapatano yetu yaliandikwa kwenye karatasi ikabandikwa ukutani juu ya mashine. Nayatoa hapa, uyakate uyapunguze yakufae.

Kwanza, kila mmoja ana jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Hakuna faili isiyo na mwenyewe.

Pili, GB 40 ni olopololi. Humo mna kazi za shule, hesabu za chama na nyaraka za familia. Mwingine haingizi chochote humo hata siku ya dhiki.

Tatu, kijana amepewa GB 200, kwa kuwa kazi yake ni kubwa na inalipa stima. Shemeji amepewa GB 25. GB 100 ni uwanja wa pamoja: anayebanwa hukopa humo, lakini huandika kwenye karatasi siku ya kurudisha. GB 35 huachwa tupu, maana mashine nayo inahitaji kupumua.

Nne, anayevuka mgao wake ana siku saba za kupunguza. Akishindwa mara ya kwanza, anakumbushwa. Mara ya pili, haanzi kazi mpya kabla ya kuondoa ya zamani.

Tano, hakuna anayefuta cha mwenzake. Hata kikiwa takataka, muulize mwenyewe akifute.

Sita, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wote hukaa wakatazama nani ametumia ngapi. Kazi hii ni ya binti, na akiwa shuleni ni ya dada. Tuliwapa kwa makusudi wanaotumia kidogo zaidi, kwa kuwa hao hawana sababu ya kuficha.

Saba, kilicho cha lazima kina nakala ya pili mahali pengine. Flashi ya chama huwekwa na mwenyekiti, si kwa dada.

Kijana alinung'unika kwanza. Kisha akanunua diski ya nje kwa malipo ya harusi mbili na kuongeza gharama hiyo kidogo kidogo katika bei yake. Sasa huwaambia wateja kwamba picha mbichi hukaa siku 30 baada ya kukabidhi kazi, kisha anafuta. Amegundua kwamba mteja akijua siku, huja kuchukua mapema.

Sikudanganyi kwamba kila kitu kimenyooka. Shemeji amekwisha kuvuka mgao wake mara mbili kwa mahubiri mapya, na kumwonya baba mwenye nyumba si kazi nyepesi kwa msichana. Lakini karatasi iko ukutani, na yeye mwenyewe aliitia sahihi, kwa hiyo binti huielekeza kidole tu bila kusema neno.

Huenda wewe huna kompyuta. Je, simu? Ni nyumba ngapi ambamo simu moja hutumiwa na mama, baba na watoto watatu, ikajaa video za vikundi vya WhatsApp, kisha mtu akafuta picha ya marehemu nyanya ili apate nafasi ya mchezo? Au wewe ni mwalimu, na maabara ya shule ina mashine kumi kwa wanafunzi mia tatu. Au unaendesha saiba na wateja wako huacha vyeti vyao kwenye mashine. Swali ni lile lile.

Basi wiki hii, kabla mashine haijaanza kulalamika, ifungue mkiwa wote mmekaa. Tazameni nani anatumia ngapi. Tengeni kwanza cha yule anayehitaji kidogo na ambaye hasemi, mkiandike, mkitie sahihi. Yaliyobaki mtapatana, maana magomvi ya watu wanaoziona hesabu huwa mafupi. Na kama kuna hesabu za chama kwenye kompyuta yako, usilale leo kabla ya kuzinakili mahali pa pili. MB 2 hazikuchukui dakika moja.